Ruzuku ya Lilitha na Baba Yake

Jumamosi asubuhi baba wadogo wa Zolile, aliyezaa na Nozuko bila ndoa, walisimama nje ya lango la kina Nozuko, huko Mdantsane, Afrika Kusini, wakaanza kutaja ukoo wao kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Walikuja kulipa faini ya mimba, na kwa desturi wageni wa namna hiyo hupigishwa kelele kwanza, ndipo wafunguliwe.

Nozuko alikuwa jikoni, roho mkononi. Majirani walikuwa wamemtia hofu kwamba baba akianza kutoa matunzo, serikali inakata ruzuku ya mtoto. Basi akatangaza ofisi ya ruzuku kuwa baba wa mtoto wake, Lilitha, kapotelea migodini. Kila Zolile alipoleta pesa alimrudisha nazo, akafunga mlango, akalia. Ruzuku haikosi mwezi, mwanaume je? Na leo ukoo mzima unapiga kelele, jirani akiwa Thobeka, afisa wa ruzuku!

Thobeka mwenyewe alikuwa keshabeba kiti chake anakuja. Harufu ya makande ilimtosha kuwa mwaliko.

"Mama Lilitha, hawa si ndio watu wa yule aliyepotea? Mbona mtoto kachukua masikio yao?"

Nozuko akamvuta nyuma ya nyumba, akatapika ukweli wote. "Nisamehe, dada. Usimkatie mwanangu."

Thobeka akacheka mpaka akashika ukuta. "Nani kakudanganya? Tunaangalia kipato chako. Hayo maandazi unayouza, ongeza na anachotoa huyo bwana, bado kikomo hujakinusa! Jumatatu njoo useme ukweli, yaishe. Sasa nipakulie, nina njaa."

Kicheko kingine kikatoka ng'ambo ya ua. Zolile, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana siku hiyo, alikuwa kajibanza pale, amesikia kila neno.

"Kumbe si mimi uliyekuwa unanikataa?"

"Nikukatae wewe? Nilikuwa nakuficha, mjinga!"

"Nimekonda mwaka mzima, Nozuko!"

"Umekonda wapi, na hilo tumbo?"

Furaha ilimjaa Nozuko. Alikimbia ndani, akamtoa mtoto akiwa bado na uji shavuni, akampitisha juu ya ua.

"Mshike vizuri. Lilitha, huyu ndiye baba yako," akasema kwa sauti kubwa, afisa akisikia na mtaa mzima ukisikia.