Pasi Isiyokula Makaa

Jumatatu moja ya Machi, mwaka wa themanini na mbili, Nasambu aliishika pasi yake ili aitie makaa, ikamchoma vidole. Akafungua kifuniko. Mlikuwa na majivu ya Jumamosi tu, baridi kabisa. Akafunga, akachukua gauni la nesi lililokuwa juu ya rundo, akaanza kazi. Saa sita rundo lilikuwa limekwisha na pasi bado ilikuwa moto.

Kilichomuudhi ni gunia zima la makaa alilonunua juzi yake.

Kufikia Ijumaa, wapangaji wote wa ploti ile ya Kianda, mtaani Kibera, walikuwa wakijipanga mlangoni kwake na sufuria, akimaliza kazi wapikie juu ya pasi. Kikohozi chake cha miaka kilianza kutulia. Okoth tu, jirani yake, hakuja. Okoth alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila siku alibeba madirisha begani hadi Kawangware kwenye stima ya kuchomelea, ilhali nyaya za stima zilipita juu ya paa lake kwenda kwa wenye nyumba kubwa. Kwa miaka sita, yeye na Nasambu walikuwa wamepeleka barua kwa kampuni ya umeme. Mwishowe waliahidiwa nguzo nane.

Mwezi ule kampuni ilimtuma afisa, Bwana Nderitu, kuwafundisha watu wa Kianda kanisani namna ya kutumia umeme vizuri na kuachana na moshi.

"Zimeni taa mnapotoka chumbani," alisema.

"Taa gani?" Okoth akauliza.

Nderitu aliandika kwamba wananchi wameulizia aina za balbu.

Alipoambiwa habari za pasi, alikwenda kuiona. Akaipima joto kwa kipimo alichokuwa nacho mkobani.

"Mama, makaa unatumia kiasi gani?"

"Situmii."

"Na stima?"

"Mmeniletea lini?"

Akaandika sifuri mara mbili. "Wewe ndiye mteja wetu bora, mama."

"Mimi si mteja wenu. Nikija kwenu askari ananifukuza getini."

"Mteja bora ni yule asiyetupunguzia umeme," Nderitu akasema, akampiga picha.

Wiki mbili baadaye barua ilifika. Kampuni iliwapongeza wakazi wa Kianda kwa kuonyesha kwamba wanaweza kuishi bila umeme na bila moshi. Kwa hiyo nguzo nane zimepelekwa penye uhitaji.

Okoth aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwa Nasambu. "Nasambu, umetumaliza. Wewe umepona kifua, mimi je?"

"Kwani niliiomba?"

"Ungeificha!"

Nasambu aliitumbukiza pasi kwenye pipa la maji. Maji yakachemka. Asubuhi iliyofuata aliikuta imepoa, akaitia kikapuni, akatembea nayo hadi ofisi za kampuni mjini, akampita askari, akaibwaga juu ya meza ya Nderitu.

"Iguse."

Nderitu akaigusa. Ilikuwa baridi.

"Basi rudisha nguzo zetu."

"Zimeshasimikwa, mama. Kuna mtaa wanapasha maji ya kuogelea. Wale wanatumia umeme mwingi sana, ndio maana wanauhitaji."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni mfano."

Alirudi kwa miguu. Alipovuka reli ya Kibera, kikapu kikaanza kutoa moshi, na kabla hajafika kwake pasi ilikuwa imetoboa kitako. Akamalizia njia akiwa nayo mkononi, ameishika kwa kanga.

Mwisho wa mwezi Okoth alihamia Kabiro, upande wa Kawangware, palipokuwa na stima. Alipakia vyuma vyake kwenye mkokoteni mchana kweupe, akapita mbele ya Nasambu, asimuage.

Jumatatu iliyofuata dereva wa kampuni alileta mashati sita ya Bwana Nderitu. Alisema bwana anapenda kola ngumu.

Nasambu alitandaza la kwanza mezani. Akaitemea pasi mate kupima joto. Mate yakalia, yakakauka. Joto lilitosha. Akatema tena.