Njia ya Kisimani

Mwaka wa themanini na nne, kata yetu huku karibu na Adu ilipogawanywa, mume wangu Masha alikuwa naibu wa chifu kwa mwaka wa sita. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kofia yake aliifuta vumbi mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa kuigusa.

Mkuu wa tarafa akamtuma karani wake Ndirangu, mtu mpole wa bara, aje aonyeshe mpaka mpya. Ndirangu akaangaza huku na huku. Mto hatuna, mlima hatuna, ni vichaka na mashamba tu. Akaiona njia ya miguu itokayo shuleni kwenda kisimani, akaandika: mashariki ya njia ni kata ndogo ya Masha, magharibi ni ya jirani. Akasema atarudi baada ya wiki tatu kupiga vigingi.

Nyumba yetu ilikuwa magharibi, hatua kumi na mbili kutoka njiani. Na naibu wa chifu sharti aishi ndani ya kata ndogo yake.

"Mwambie karani asogeze kidogo," nikamsihi.

"Mama Kambi, mpaka hauwekwi kwa ajili ya nyumba ya mtu. Na nisisikie umekwenda kumwomba."

Nilikasirika. Uaminifu huo ndio uliomfanya apendwe, na sasa ndio uliokuwa ukimfukuza kazini. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Basi sikumwomba mtu. Nilichukua jembe. Jambo asilolijua Ndirangu ni kwamba kwetu mwenye shamba hulima hata juu ya njia, na wapitao huzunguka bila neno. Kila masika njia zetu huhama. Mvua ilikuwa imeshanyesha, nikalima pale mbele ya nyumba, nikapanda muhogo juu ya njia. Wanawake wakaja na madebe yao, wakanisalimu, wakapita nyuma ya nyumba. Jirani yangu Kanze peke yake ndiye aliyecheka.

Hofu yangu ilikuwa moja tu. Wiki tatu ni chache, njia mpya ingeonekana changa. Lakini Ndirangu aliporudi aliikuta nyeupe, imekanyagika vizuri.

"Mama, si hii njia ilikuwa inapita hapa mbele?"

"Ilikuwa, bwana karani. Mwaka huu nimelima."

Akautazama muhogo, akakuna kichwa. "Kwetu Nyeri mtu akilima njia anashikwa."

"Huku anazungukwa."

Akacheka. "Mimi niliandika njia. Njia ni hiyo." Akapiga vigingi nyuma ya nyumba yetu.

Jioni nikamwuliza Kanze imekuwaje njia ikakomaa upesi vile, na wachota maji wenyewe hatufiki ishirini. Akashika mbavu.

"Kwani hujui? Kila alfajiri, wewe ukiwa jikoni, mumeo huenda kisimani na debe kichwani. Mara nne, mara tano. Tena huenda nalo tupu, na hurudi nalo tupu!"

Mwanamume mzima wa Kigiriama, naibu wa chifu, na debe kichwani! Nilirudi nyumbani nikamkuta anakula kwa bidii.

"Mbona wanitazama hivyo, Mama Kambi?"

"Nakupenda tu," nikamwambia, nikamwongezea sima.