Nyangumi wa Ijumaa

Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa baada ya sala, ukoo wetu ulikula nyumbani kwangu Sib, nje kidogo ya Maskati. Walikuja wadogo zangu, wake zao, waume zao, watoto wao, na yeyote waliyekutana naye msikitini akaonekana ana njaa. Shughuli hii ilikuwa ya mama. Alipopooza upande mmoja, mwiko ukaniangukia mimi, mtoto wa mwanzo, niliyeachwa zamani na sina mume wa kuniuliza niko wapi. Ijumaa ya kwanza niliwapikia kwa huruma. Ya pili ikawa desturi.

Nilichoka. Sisemi kule kuchoka ambako mtu hulala akaamka mzima. Nilifika pahala nikawa naona tabu hata kuvua viatu, nakaa ukingoni mwa kitanda nikivitazama. Mwaka 2004 nilipostaafu wizarani walinipa saa ya ukutani na maua, na Ijumaa ile ile Mastura, mke wa mdogo wangu Aflah, akaniambia, "Sasa utapata nafasi ya kutupikia vizuri." Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda jikoni nikalia juu ya vitunguu, jambo ambalo halimshtui mtu.

Muda si mrefu nikawa nimekaa kwa daktari wa meno, Khuwair ya Kusini, nikingoja zamu yangu. Palikuwa na jarida, na ndani yake picha ya chombo cha matanga kimesimama kwenye hori jembamba, milima yenye theluji huku na huku. Norwei. Siku saba za kutafuta nyangumi. Chini ya picha waliandika kwamba abiria hawana kazi yoyote ila kutazama. Nilisoma maneno yale mara tatu, jino likaacha kuuma. Ukurasa ule niliuchana nikautia mkobani, mimi ambaye sijawahi kuiba hata kalamu ya ofisi.

Aflah alishtuka. "Peke yako? Na mabaharia? Watu watasemaje, da Kheiria?"

"Watu waseme wanavyotaka. Mimi nnakwenda kukaa."

"Basi tutakusindikiza."

Nilijua nimekwisha. Akaja yeye, akaja Mastura, wakaja dada zangu wawili na waume zao, na binti wa mmoja wao aliyekuwa likizo ya skuli. Tukawa wanane, vitanda vyote vya chombo. Mama nilimwacha na Achieng, Mkenya anayemuuguza. Ndiye peke yake aliyenielewa. "Wewe enda tu, Bi Kheiria," aliniambia. "Mimi niko. Usikuwe na wasiwasi. Ukifika huko ukae chini."

Kule juu, mwezi wa saba, jua halitui. Aflah alitangaza kwamba tutasali kwa saa za Makka, na hapo walau tuliafikiana. Mpishi wa chombo alituandalia samaki wa kuokwa, wazuri kabisa. Mastura akatazama sufuria. "Hizi zimepikiwa nguruwe," alisema. "Mimi sili." Wote wakaweka uma chini. Kisha wakanigeukia mimi.

Nilikuwa na sufuria mbili mpya kwenye sanduku. Nilikuwa pia na mchele kilo kumi, hiliki, mdalasini, bizari, na samli kwenye chupa niliyoizungushia taulo. Mpishi wa watu aliniachia jiko kwa adabu, akaenda zake juu kuvuta sigara na kutazama milima. Siku nne nilikaa chini ya sitaha, nikiishika sufuria kwa mkono mmoja chombo kikiyumba. Juu nilisikia nyayo zao na vicheko. Dirisha la jikoni lilikuwa dogo kama sahani ya kikombe, nalo lilionyesha maji tu.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa haipiti bila pilau. Mchele ulikuwa umeanza kukauka nilipomsikia Aflah akipiga ukelele ambao sijausikia kwake tangu utotoni.

"Da Kheiria! Njoo! Keshatoka! Njoo umuone!"

"Nnakuja! Naupunguza moto!"

"Da Kheiria, mbio!"

Niliupunguza moto. Nikaukoroga wali, nikaufunika, nikafuta mikono. Nilipotokeza kichwa sitahani, wote walikuwa wameegemea ubavu mmoja, binti analia kwa furaha, na baharini, pale nyangumi alipozama, pamebaki duara laini la maji. Nahodha alisema huenda atarudi. Hakurudi. Siku mbili zilizobaki ukungu ulikaa juu ya maji mpaka tukafunga safari.

Njia nzima ya kurudi Maskati nilijaribu kuwalaumu, na wanazo lawama zao. Lakini waliniita, kwa jina langu. Na hakuna aliyeniambia nitie mchele kwenye sanduku. Niliutia mwenyewe, usiku mmoja kabla ya safari, bila hata kufikiri. Hilo lilinichosha kuliko yote.

Ijumaa iliyofuata ukoo ulijaa na majirani juu, wamekuja kutupa mkono wa salama. Nilitia wali motoni, nikatoka na buli la kahawa. Aflah alikuwa amefika kwenye nyangumi.

"Mkia wake mkubwa kuliko mlango ule! Hata da Kheiria alipiga kelele!"

Wageni wakacheka. Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, alinitazama kwa lile jicho lake zima.

"Kheiria," alisema polepole, maneno yakimtoka upande mmoja. "Ulimuona?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Sikumuona, mama. Nilikuwa napika."

Niliweka buli chini, nikaketi kwenye zulia, katikati ya wageni, miguu nimeinyoosha mbele.

"Aflah, anza upya," nilisema. "Taratibu. Usiruke kitu."

Akaanza, sauti imempungua. Hakuwa amefika mbali Mastura alipoinua pua. "Da Kheiria, wali unaungua."

"Nnasikia harufu."

Achieng akataka kuinuka. Nilimshika mkono. "Kaa, Achieng. Si wewe."

Mastura alinitazama, akatazama mlango wa jikoni, akanitazama tena. Kisha akainuka mwenyewe. Tulisikia mfuniko ukianguka sakafuni na yeye akiguna kwa moto. Mwili mzima ulitaka kwenda kumsaidia. Nilishikilia zulia.

"Haya," nilimwambia Aflah. "Alitokea upande gani?"

Akanyoosha kidole ukutani, juu ya ile saa ya wizara, nami nikatazama.