Chai ya Baba Gladys

Siku ya kadi, pale Kiritiri, Nelius hulowesha ncha ya leso kwa mate na kumfuta mumewe kidole gumba, kwa sababu mashine ya Runji mwenye duka haipendi udongo. Humfuta taratibu, kwenye mikunjo na chini ya ukucha, huku watu walio nyuma yao kwenye foleni wakizungumza habari za mbuzi. Kisha Njeru huweka kidole kwenye kioo, mashine hulia, na Runji huanza kupima. Njeru alikufa mwaka juzi, msimu ambao mvua za vuli zilikataa kabisa kuja.

Hakuna aliyeona ajabu. Kadi ya chakula iliandikwa jina lake kwa kuwa wenye mradi walitaka mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba alikuwa yeye. Alipofariki, Nelius aliambiwa kwamba ili jina libadilishwe itabidi aende Embu, arudi, kisha aende tena siku ambayo mwenye muhuri yupo. Nauli peke yake ingekula chakula chote. Njeru, ambaye hata akiwa hai hakupenda kuona mtu akisumbuliwa bure, aliona ni rahisi zaidi aje mwenyewe. Siku ya kadi ilipofika alitoka kaburini, kule chini ya shamba kando ya mikonge, akafunga vifungo vya koti alilozikwa nalo, akashika njia ya sokoni. Chifu alimwona akipita, akamsalimia.

Siku hizo kadi ilikuwa kadi. Ilinunua unga, mafuta, majani ya chai na sukari, na ukimbembeleza Runji vizuri, hata kibiriti. Wakitoka dukani, Nelius na mumewe walirudi nyumbani pamoja, yeye mbele na mzigo, Njeru nyuma akikokota mguu ule mbaya. Njeru aliketi kwenye kigoda chake mlangoni pa jikoni. Nelius alichemsha maziwa ya mbuzi na maji, akatia majani, akatia sukari humohumo kwenye sufuria, nyingi, kama alivyoipika zamani Njeru alipokuwa akipakia mchanga mtoni. Ile ilikuwa chai ya mtu wa sururu na koleo. Ukiinywa midomo ilinata.

Kwa nini iwe tamu hivyo, Njeru alieleza mara moja tu, bila kujihurumia. Wafu hawaonji kitu, alisema. Ugali kwao ni kama kutafuna kamba, na nyama ni kamba ndefu zaidi. Ni sukari tu wanayoisikia ulimini. Tena ukikaa kule chini, mambo hukutoka: kwanza majina ya watu wa mbali, halafu ya majirani, halafu ya watu wa nyumbani mwako. Yeye mwenyewe, akitoka kaburini, hukumbuka tu kwamba leo kuna mahali anatakiwa kuweka kidole. Lakini utamu ukigusa ulimi, kila kitu hurudi na kukaa naye mpaka kikombe kipoe.

Kwa hiyo kila mwezi Nelius alikuwa na mume kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na kwa kuwa alijua kumimina ya moto sana, kikombe hicho kilichelewa kupoa. Wako wajane wa Kiritiri wasio na hata hicho. Alikuwa mwenye furaha, na hakuona haya kusema hivyo kanisani.

Halafu siku moja mashine ikakataa.

"Mama Gladys, sukari imekataa," Runji alisema.

"Jaribu tena."

"Si mimi. System imebadilishwa. Majani imekataa, mafuta imekataa, unga ya ngano imekataa. Sasa ni lishe bora peke yake."

"Na imekubali nini?"

"Ndengu iko. Mtama iko. Mayai, omena, sukuma."

Nelius aliinama akachota ndengu kwenye gunia, akazitandaza kiganjani. Zilikuwa na vijiwe vyekundu vya kiwanja chake cha kupuria. "Hizi si ndengu nilikuuzia shule zikifunguliwa?"

"Ni hizo hizo," Runji alisema. "Ila zimepanda bei kidogo."

Ukutani palikuwa na bango jipya, familia nzima ya watu wanene wakicheka na karoti, zao ambalo halijawahi kuota Kiritiri hata kwa bahati mbaya. Chini ya bango alisimama Mwirigi, afisa wa mradi, kijana wa Meru mwenye adabu na viatu vilivyokuwa vyeusi kabla hajashuka huku kwetu.

"Mama, hii sukari inamaliza watu," alisema. "Mimi mwenyewe mama yangu anadungwa sindano kila asubuhi. Hatuwakatazi, tunawachagulia tu."

Hakusema uongo. Njeru mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa sukari; ulianza na mguu, ukapanda machoni, ukammaliza. Nelius alilijua hilo kuliko Mwirigi na bango lake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiosha ule mguu. Alichukua ndengu, mtama na trei ndogo ya mayai, akamwongoza mumewe nyumbani.

Siku hiyo alimpa uji wa mtama, mweupe, usio na kitu. Njeru aliunywa wote. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni aliyelelewa vizuri, akasema, "Asante sana, mama." Ni vile mwanamume yeyote angemwita mwanamke yeyote mzee aliyemkuta njiani. Nelius aliosha kikombe kile kwa muda mrefu. Neno hilo lilimuuma, na hapana haja ya kuzungusha maneno.

Mwezi uliofuata alinunua sukari ya shilingi kumi, ile inayofungwa kwenye kipande cha nailoni. Haikufika mbali. Njeru alikumbuka mahali choo kilipo, na jina la mbuzi aliyeuzwa kitambo, basi. Pesa nyingine ya mkononi haikuwepo. Gladys, binti yao, alikuwa akifua nguo za watu Embu mjini, na alichotuma kiliishia kwenye sabuni na madaftari ya watoto wake, ambao walikaa kwa Nelius na kula kwa kadi ya babu yao.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na Nelius hakuwa na mikono mitupu; alikuwa na ndengu. Siku ya kadi ilipofika tena alizichukua kwa mashine, akampa Njeru azishike, akazunguka mlango wa nyuma wa duka na kuzirudisha kwa Runji. Runji alizimwaga kwenye gunia lilelile, akampa sukari na majani. Nusu ya Kiritiri ilikuwa ikipita mlango huo. Ndengu za msimu ule zilikuwa zimechoka kwa kutembea.

Chai ilipochemka, harufu ilifika hadi kwa jirani. Njeru alipiga funda moja, akapiga la pili.

"Nelius," alisema.

Hakusema Mama Gladys. Alisema jina lile alilolitumia kabla ya watoto, kabla ya mvi. Nelius alivuta kigoda chake karibu.

"Unakumbuka ile sukari nilipelekea baba yako?"

"Sema wewe. Watoto hawaijui."

Basi Njeru akawaeleza wajukuu. Alipokwenda kwa wakwe mara ya kwanza alibeba kilo mbili za sukari zilizofungwa kwa gazeti, maana mtu haendi kuomba msichana mkono ukining'inia. Njiani mvua ikamnyeshea, wakati mvua ilikuwa bado inajua njia ya huku. Gazeti likalowa, sukari ikayeyukia kwenye koti, na jua lilipotoka nyuki wakamfuata. Alifika kwa wakwe akiwa ananata kuanzia kwapani hadi gotini, wingu zima la nyuki nyuma yake, na mkononi kipande cha gazeti. Baba yake Nelius alikuwa mtu wa mizinga. Alimtazama sana, akasema kijana anayeletwa na nyuki hajaja mikono mitupu, akamwambia aketi.

"Na nyuki?" akauliza Ciku, mkubwa wa wajukuu.

"Walikaa. Nusu ya asali ya mahari ilikuwa yao."

Watoto walicheka, na Nelius alicheka mpaka akashika mbavu. Jua lilikuwa bado liko juu, na kikombe kilikuwa kinafuka. Hapo ndipo Mwirigi alipopiga hodi, kwa kuwa ilikuwa wiki ya kutembelea nyumba kuona watu wanavyokula.

Nelius alimkaribisha, akammiminia chai. Kwetu mgeni hakatai chai, hata akiwa amekuja kukukamata, na Mwirigi alikuwa amelelewa. Aliinywa. Ilionekana usoni kwamba alikuwa na muda mrefu hajanywa chai ya namna hiyo. Alipomaliza, aliweka kikombe chini na kuuliza sukari imetoka wapi, na Nelius akamwambia, maana hakujua jinsi ya kumdanganya mtu aliyenywa kwake.

Mwirigi alimgeukia Njeru. "Mzee, pole, wewe ulikufa na nini?"

"Sukari," Njeru alisema.

"Sasa unaona."

"Mwanangu, hiyo kazi ilishamaliza. Haiwezi kuniua mara ya pili."

Mwirigi alicheka kidogo, kwa heshima, kisha akaacha. Alisema yeye binafsi anaelewa, lakini mradi hautenganishi walio hai na waliokufa. Kadi ni ya nyumba nzima. Ndengu zikirudi dukani tena, kadi itafungwa, na hataweza kuifungua hata akitaka.

"Na jina?" Nelius aliuliza. "Si mngeandika langu, huyu mzee apumzike?"

"Hiyo ni ofisi nyingine, mama. Kwetu kidole kinasoma, hakuna shida."

Aliaga vizuri, akashukuru kwa chai.

Njeru alikuwa amesikia yote, kwa kuwa kikombe kilikuwa bado cha moto. Aliwatazama watoto, mmoja mmoja, akiwataja majina kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Wacha wakule," alimwambia mkewe. "Mimi nitakuja tu kuweka kidole."

"Na mimi?"

 Njeru alikunywa kilichobaki kidogokidogo huku akimtazama, na Nelius alilia waziwazi mbele ya wajukuu, bila kujificha kwa leso. Kisha kikombe kikapoa. Njeru akasimama, akashukuru kwa ukarimu, akateremka kuelekea mikonge.

Watoto wamenawiri, hilo lazima lisemwe. Mayai yamewafaa, na Ciku amerefuka hadi sare haimtoshi. Mwirigi huwasifu kila akija, na Runji bado anauza ndengu zilezile. Njeru hakosi hata mwezi mmoja. Mashine humtambua mara moja, na majina yake yote matatu huandikika pale juu kwa herufi za kijani.

Wakirudi sasa, Nelius hamwambii akaribie. Mwanamke wa kwetu Mbeere hamwiti mtu mlangoni kwake akiwa hana chai ya kumpa. Heri aonekane ana kiburi. Humwacha apite kando ya nyumba, aende zake. Lakini mwezi uliopita Njeru alisimama penye mlango wa jikoni, akavua kofia.

"Asante kwa kunisaidia na hii kidole, mama," alisema. "Na mzee wa hapa yuko?"

"Ametoka kidogo," Nelius alisema. "Atarudi."

"Basi msalimie sana. Mwambie ako na bibi mzuri."

"Nitamwambia," alisema Nelius.