Michembe ya Mama

Kila alipovuka ziwa kwenda Sengerema, Hellen alimsema kaka yake, Obedi: “Mama aliyetuzaa unamlisha michembe, viazi vikavu vya njaa! Huna haya?” Obedi aliinamisha kichwa tu.

Sasa mama anaishi kwa Hellen, Igogo. Wali anautema, sato anamsukumia mbali. Anataka michembe asubuhi na jioni. Hellen alibembeleza mpaka akachoka, akampikia.

Juzi mdogo wao, Queen, kaja kutoka Dar, kafunua sufuria, kang'aka: “Dada, mama unamlisha michembe? Huna haya?”

Hellen akainamisha kichwa. Ndipo alipomwelewa Obedi, akatamani kumwomba radhi. Lakini Obedi angekuwa hai, mama asingehamia Igogo.