Grunwik Moja kwa Watu Wawili

Kabla hata hatujafungua kamba pale gatini kijijini kwetu Kaukira, Nolvin Kenlan alikuwa ameshamng'oa shemeji yake jino. Walikuwa wanagombea kipumulio.

Namaanisha kile kidude cha kuuma mdomoni, chenye mpira mrefu unaokwenda mpaka kwenye kichwa cha mtungi wa hewa. Mzamiaji anaweza kukopa mapezi, anaweza kuzamia na miwani iliyofungwa kwa ukanda wa baiskeli, lakini kipumulio kikikataa chini kule, hakuna wa kumlalamikia. Ndiyo maana siku ya kugawana vifaa watu huwa hawacheki sana.

Siku hiyo Kepteni Orman, mtu wa visiwani Roatán, alimwaga gunia zima la vipumulio sitahani mwa meli yetu ya kambakochi. Karibu vyote vilikuwa vipya, vya Neptrón, vingali ndani ya mifuko ya nailoni, vinang'aa kama vikombe vya mashindano ya mpira. Katikati ya lundo lile kilijitokeza kimoja cha zamani, rangi imebanduka, jina limechongwa kwenye shaba: Grunwik.

"Neptrón tatu kwa bei ya Grunwik moja," alisema Kepteni kwa majivuno. "Na zina dhamana ya mwaka mzima."

"Dhamana nitakuja kuidai nikiwa wapi, Kepteni? Chini ya matumbawe?" Nolvin alimjibu, na wazamiaji wakaangua kicheko.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kasia wake. Mzamiaji akishuka, mtu wa mtumbwi hubaki juu akifuata mapovu, akipokea kambakochi na kubadilisha mitungi. Nilikuwa nimempita Nolvin kwa umri kiasi cha kumzaa, na aliniita mjomba, ila kwenye mambo ya vifaa hakumsikiliza mtu. Alichuchumaa akaokota Neptrón moja, akaitia mdomoni bila mtungi, akaziba mpira kwa kidole gumba na kunyonya kwa nguvu. Akasikiliza. Akaitikisa sikioni. Akafungua kifuniko na kuubinya mpira wa ndani.

"Mwembamba kama ganda la kitunguu," alisema. "Kiti cha vali ni plastiki. Hii ni ya watalii wa kushuka kidogo, wapige picha kasa, wapande wakanywe bia. Sisi tunashuka kutwa nzima, Kepteni. Umenunua bei, hukununua kitu."

Aliitupa akachukua nyingine, akaitukana nayo vilevile. Alipofika kwenye Grunwik hakuinyonya wala hakuifungua. Alilipangusa jina kwa shati, akalibusu.

"Iweke chini, shemeji," ilisema sauti nyuma yake. "Mkubwa huchagua kwanza."

Alikuwa Ediberto Trino, mume wa dada yake Nolvin, mzamiaji wa miaka mingi kuliko sote pale. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, na kila mtu aliijua. Nolvin naye aliijua.

"Mkubwa wa nini? Wa tumbo?"

Ediberto alinyoosha mkono kuushika ule mpira. Nolvin alimpiga na ile shaba yenyewe, mdomoni, pigo moja kavu. Ediberto akayumba, akapiga goti kwenye lundo la Neptrón, akatema jino na damu juu ya nailoni mpya. Kisha akainuka, akamtia Nolvin kichwa cha tumbo, wakaviringika mpaka kwenye sufuria la maharage la mpishi, likamwagika lote, wakawa wanapigana kwenye mchuzi wa moto huku wakipiga kelele za kuungua.

Hakuna aliyewaamua. Dilmer, fundi wa meli, aliyetunza kompresa na vifaa vyote, alisimama mlangoni pa chumba chake akijifuta mafuta mikononi. "Waacheni," alisema. "Mwenye nguvu apate jina."

Nolvin ndiye aliyelipata. Ediberto alichukua Neptrón yenye damu yake mwenyewe, akaifunga mtungini.

*

Tulipofika miamba ya mashariki, wanakokaa kambakochi, bahari ilikuwa imetulia, maji yakionyesha mpaka chini. Siku ya kwanza Nolvin alipanda na nusu mfuko wa kambakochi. Ediberto alipanda na mifuko iliyomshinda mpiga kasia wake kuinyanyua. Jioni, watu wakila wali na kasa, Ediberto alikuja kukaa mbele yetu kwa makusudi.

"Shemeji, hiyo Grunwik yako inavuta hewa au inavuta usingizi?" Pale jino lilipokuwa pametoka pengo, na maneno yalikuwa yanapuliza.

"Leo hewa yake nzito kidogo," Nolvin aliniambia mimi, si yeye. "Imekaa muda mrefu. Itafunguka."

"Nzito!" Ediberto aligeukia wenzake. "Mfalme anasema hewa nzito. Mimi takataka yangu ya plastiki inapumua kama dirisha. Angalia, usije ukawa umeoa mwanamke kwa sababu tu ya jina la baba yake."

Nolvin alimrushia kisu cha kuparia samaki. Kilimkata sikio juu kidogo, kikajikita kwenye mbao. Ediberto hakushtuka. Alikichomoa, akakifuta kwa suruali, akamrudishia kwa adabu, mpini mbele. Hilo lilinitisha kuliko kama angekirusha.

"Liwa Mairin anakusikia," alimwambia. Huyo ni mwanamke wa majini, mwenye kambakochi wote, na sisi hatumtaji ovyo tukiwa juu ya maji yake.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Nolvin aifungue Grunwik aiangalie. "Mjomba," alisema, "kitu kama hiki hakifunguliwi na mikono ya kushika samaki. Kinafunguliwa na fundi." Akajirusha kinyumenyume majini.

Yaliyotokea chini wale mashemeji waliniambia wenyewe baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao hayakupishana sana.

Walikuwa ukingoni mwa mwamba, pale unapokatika kwenda gizani. Nolvin alikuwa ameshaona hewa inakuwa kama kunyonya uji kwa mrija. Alitoa pumzi, akavuta, na hakikuja kitu. Akavuta tena, mpira ukanyonyeka ndani ukamganda ulimini. Juu palikuwa mbali, mtumbwi wangu kama ukucha. Mbele yake Ediberto alikuwa amempa mgongo, ameingiza kiopoo chake, ile fimbo ya ndoano, kwenye tundu, akivuta kambakochi.

Nolvin alimrukia kwa nyuma akamnyofoa kipumulio mdomoni.

Ediberto hakujua ni mtu, ni papa, au ni Liwa Mairin mwenyewe. Alizungusha kiopoo bila kutazama. Kilimwingia Nolvin pajani na kutokea upande wa pili. Damu kule chini si nyekundu, huwa ya kijani, na ilitoka kama moshi kati yao. Nolvin hakuachia. Meno yake yalikuwa yamekwisha kuing'ata Neptrón. Ediberto alimkaba koo kwa mikono yote miwili, miwani ikaruka, wakagongana kwenye matumbawe yaliyowachana migongo kama mbuzi za nazi. Mmoja alikuwa na hewa na hawezi kuimeza, kwa kuwa koo limekabwa. Mwingine koo lake lilikuwa huru na hewa hana.

Ndipo Ediberto alipoiona Grunwik ikining'inia begani mwa shemeji yake, haitoi hata povu. Akaelewa. Alilegeza mikono, akamgonga Nolvin kofi la uso, akachukua kipumulio, akavuta, akakirudisha. Wakaanza kupanda hivyo, mdomo kwa mdomo, wakinyang'anyana. Ediberto alikuwa akimshika mguu wapande polepole, kwa sababu kila mzamiaji anajua kupanda kwa kasi kunatia mapovu kwenye damu na kumpoozesha mtu. Lakini mtungi mmoja kwa watu wawili wenye hofu hauchukui muda. Karibu na juu Nolvin alimpiga teke la uso akajifyatua.

Nilimwona akitoka majini mpaka kiunoni, akibweka. Nilimvuta mtumbwini kwa nywele. Kiopoo kilikuwa kingali pajani.

*

Sitahani wazamiaji waliifungua Grunwik. Haikuhitaji fundi; skrubu zilikuwa zimelegea. Mahali pa kiwambo, ule utando wa kuvutia hewa, palikuwa pamewekwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Springi ilikuwa ya tochi. Vali yenyewe haikuwemo, mahali pake pamebandikwa plastiki kwa gundi. Kila kitu kilichoifanya Grunwik kuwa Grunwik kilikuwa kimeondoka, limebaki jina na shaba.

Watu wote walimgeukia Dilmer.

"Vipuri vyake vinatakiwa sana mjini La Ceiba," alisema, na nadhani alidhani ni utetezi. "Maduka ya watalii hayapati. Neptrón ni mpya, nilijua mtachukua mpya! Nani alimwambia achukue lile bomu? Nililiweka pale lionekane tu. Kepteni alijua."

Kepteni Orman alikuwa juu kwenye usukani. Hakukana.

Nolvin alinyanyuka. Paja lake lilikuwa limefungwa shati, damu ikichuruzika mpaka kwenye unyayo. Aliufungua mkanda wake wa kuzamia, wenye vipande vizito vya madini ya risasi, akauzungusha, ukampata Dilmer kwenye taya. Tulisikia mfupa ukivunjika. Dilmer alianguka ubavu, akajikokota kuelekea chumba chake akitoa sauti kama ya nguruwe. Nolvin alimfuata, akauinua mkanda kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mtu, na pale, mkanda ukiwa juu, miguu yake ikazimika.

Sijui neno jingine. Haikuteleza wala haikujikunja. Ilizimika kama taa, akaanguka chini kama nguo kutoka kwenye kamba. Alijaribu kuinuka kwa mikono. Aliigonga miguu yake kwa ngumi.

"Mjomba," aliita. "Mjomba, miguu. Siisikii."

Kwetu kila nyumba ina mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ediberto alikuwa ndiyo kwanza amepanda sitahani, uso umevimba kwa teke alilopigwa. Alimtazama shemeji yake. Kisha akanyanyua mtungi mtupu wa hewa, akamwendea Dilmer, akaukanyaga mkono wake wa kulia ukatandazika kwenye mbao, akaushusha mtungi juu ya vidole. Akaunyanyua tena. Dilmer alipiga yowe mara ya kwanza tu.

Bunduki ya Kepteni ililia. Gololi zilimchana Ediberto bega na shingo, akazunguka, akakaa chini. Kepteni akashuka ngazi akipachika risasi nyingine, akisema, "Rudini nyuma, wanyama nyie! Wote nyuma!" Alikuwa anawatazama vijana waliokuwa mbele yake. Mimi nilikuwa kando, na kasia langu nilikuwa nalo mkononi. Nilimpiga nalo sikioni kwa nguvu zangu zote. Kasia la mti mgumu, lilipasuka. Waliobaki walimrukia, wakampiga mateke mpaka nikaogopa hatutapata wa kuendesha meli. Bunduki tukaitupa baharini.

"Roatán," Ediberto alimwambia, alipoweza kusimama. Alikuwa amekichukua kile kiopoo, kikiwa bado na damu ya Nolvin, akakipachika chini ya kidevu cha Kepteni. "Kwenye lile tangi la shinikizo la hospitali, la wazamiaji waliopooza. Sasa hivi."

"Barafu itayeyuka! Kambakochi wote wataoza!"

"Na waoze."

Kepteni akaendesha, damu ikimtoka sikioni, ndoano kooni, njia yote. Akitaka kupunguza mwendo, Ediberto alisukuma kidogo. Hospitalini walimwingiza Nolvin kwenye lile tangi la chuma, na mimi nje nilimsikia akimtukana kila mtu aliyemjua, nami nikiwemo.

Polisi, walioitwa na watu wa hospitali, walikuwa wanatungoja nje. Ediberto alisema ni yeye peke yake: taya, vidole, Kepteni, bunduki. Alinitazama nisifungue mdomo. Kepteni naye hakutaka maswali mengi juu ya vifaa vyake, kwa hiyo maelezo yalikuwa mafupi, na Ediberto alifungwa jela ya Puerto Lempira. Dilmer alibaki na vidole viwili mkono wa kulia. Neptrón ziliendelea kutumika msimu ule mzima. Baadhi zilivuja, baadhi hazikuvuja.

*

Ediberto alipotoka jela alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Nolvin, kabla hajaenda kwa mkewe. Nilikuwepo, nimeleta samaki. Nolvin alikuwa amekaa sakafuni, mguu mmoja unajibu kidogo, mwingine haujibu. Hakumkaribisha.

Ediberto aliketi kwenye ngazi. Wabul, uji wetu wa ndizi, ilipoletwa akanywa bakuli zima, akapangusa mdomo.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema Nolvin. "Kwa nini ulinipa hewa kule chini?"

"Sikukupa. Ulininyang'anya."

"Ulinirudishia."

"Nilikuwa najitahidi uachie, shemeji. Ulikuwa unaning'ata mkono."

Nilidhani Nolvin atamrushia bakuli, maana lilikuwa karibu na mkono wake.

"Ile Neptrón," alisema mwishoni. "Ilikuwaje kweli? Usinidanganye."

"Takataka," alisema Ediberto. "Ulisema kweli. Ila ilikuwa takataka mpya, hakuna aliyekuwa ameifungua."

"Hewa yake ilikuwa na ladha ya ndala za plastiki."

"Hasa!"

Wote wawili wakacheka, cheko baya, la watu wasiopendana. Kisha Ediberto akainuka, akamgeuzia mgongo na kuchuchumaa.

"Panda. Dada yako alikuja gerezani akasema nikitoka nikupeleke lagunani ukaoge, unanuka."

Nolvin alimtazama lile bega lenye makovu ya gololi. Alimtukana mama yake, polepole, kwa utulivu. Halafu akamshika shingo kwa mikono miwili, nami nikamwinua miguu.