Sifa za Samanyanga

Wasomaji wote, waliobatizwa na wasiobatizwa, wanatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba hii ni habari kuu ya Neno Jema, jinsi lilivyoyaangusha majeshi ya kuzimu katika shule ya bweni ya misheni kule Gutu. Majeshi ya kuzimu yenyewe hayakufika. Yaliyofika ni maharage yaliyozidi chumvi.

Mpishi wa shule alikuwa wa ukoo wa Tembo, na hakuna aliyemwita kwa jina jingine: Samanyanga, mwenye pembe. Mkewe alizikwa mwezi wa sita. Tangu hapo mzee alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Wanafunzi wakanung'unika kama Waisraeli jangwani, ila Waisraeli hawakuwa na Farirai wa kidato cha tatu.

Farirai alijaliwa ulimi usio na breki. Alizichukua sifa za ukoo wa Tembo, zile ambazo mtu hutajiwa anaposhukuriwa na anapozikwa, akazigeuza wimbo wa dhihaka:

"Ahsante, Samanyanga, mwenye chumvi,
pembe zako miiko, mkonga wako upawa,
bibi alionja mchuzi, akaenda zake kaburini!"

Mstari wa mwisho hakuufikiria. Uliingia kwa sababu ulikaa vizuri mdomoni.

Jumanne mchana bwalo zima likauimba, vijiko vikipiga meza. Samanyanga alisimama na mwiko wake wa sadza, ugali wa kwao, mpaka wimbo ulipokwisha. Akauegemeza ukutani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akaingia chumbani kwake nyuma ya jiko. Komeo likalia.

Jumatano hakutoka. Alhamisi sahani iliyoachwa mlangoni ilikuwa ya sisimizi.

Mai Chihera, mlezi wa bweni, mwanamke ambaye kwa ukali angeweza kupasua kuni bila shoka, aligonga kwa ngumi. "Mzee, fungua! Mlango huu nitauvunja mimi!" Akagonga tena, sasa kwa kiganja. "Maji tu, baba. Kunywa maji tu." Alikuwa akilia, na wanafunzi waliomwona walikimbia kana kwamba wameona jua likianguka.

Kasisi naye akaja. "Mungu anakupenda, mzee wangu." Ndani kikatoka kikohozi, basi. Neno lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa la kila mtu.

Farirai aliacha kula. Alikaa karibu na ukuta ule akisikiliza vikohozi. Kimoja kilipochelewa, alibandika sikio ukutani. Alijaribu kuomba, ila kila alipofungua kinywa alikumbuka kwamba kinywa chenyewe ndicho kilichoua. Ijumaa asubuhi hapakusikika kikohozi hata kimoja.

Kanisani asubuhi hiyo kasisi hakuhubiri sana. "Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Aliyemfunga mzee kwa maneno, akamfungue kwa maneno. Jina simuulizi. Mungu analo."

Farirai alimvuta Garikai, rafiki yake, nyuma ya kanisa. "Wewe si wa Tembo? Nipe sifa za kwenu, za kweli."

"Ili uzitie chumvi?"

"Mzee anakufa, we!"

"Sasa hivi ndiyo umejua?" Garikai akatazama chini, naye alikuwa ameimba. "Najua mistari minne tu kati ya mitano. Babu akizitaja huwa nasinzia."

"Na wa tano?"

"Wa tano tutunge tu."

Mchana, jua likiwaka bila kutia joto, Farirai alipiga magoti mbele ya mlango ule, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kama inavyostahili mbele ya mkubwa.

"Ahsante, Samanyanga, mwenye pembe.
Mvunja njia, wadogo wapite.
Mlioinama, kichaka kikawa kivuli.
Msiomwacha aliyeanguka.
Mlioufikia mto, mkaunywa, ukakauka."

Sisimizi walikuwa wakipita kwenye magoti yake. Hakuwa na mstari mwingine, na akajua kwamba wa mwisho ulikuwa wa uongo, na kwamba mtu huyo angekufa akiwa amesindikizwa na uongo. Akaweka paji la uso juu ya ubao. "Bwana Yesu, tafadhali," akasema, na hakujua aendelee vipi.

"Hatukuukausha."

Sauti ilikuwa kama gunia linaloburutwa.

"Babu?"

"Nani kakufundisha huo upuuzi? Hatukuukausha mto. Tuliuvuka, watoto migongoni. Rudia."

"Mliouvuka mto, watoto migongoni," Farirai akarudia, machozi yakimwingia mdomoni.

Komeo likalia. Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja: midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Farirai alimpa kikombe cha maji kilichoachwa pale mlangoni, kwa mikono miwili. Mzee akanywa, akapumzika, akanywa.

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akionja," akasema. "Kila siku, miaka yote ile. Ndiyo maana sasa sijui kama chumvi imetosha. Ule wimbo ulisema kweli. Nani aliutunga?"

"Ni mvulana mmoja hivi, Babu. Wa kidato cha tatu. Mjinga tu."

"Hana jina?"

"Anaitwa Farirai. Yeye... yeye hakufikiria."

"Na wewe unayepiga magoti hapa, unaitwa nani?"

Hapa, msomaji, yule "yeye" niliyejificha nyuma yake tangu mwanzo hakunifaa tena.

"Ni mimi, Babu," nikasema. "Ni mimi niliyeutunga."